Mkweche wa Newala, Si wa Msimbati

Kila mwanzo wa muhula, boom ikishaingia, mjadala wa magari unaanza upya vijiweni. Vitz au Passo? Uchukue IST ya mkopo au usubiri ajira? Nani anamfahamu dalali wa Dar asiyeweka cha juu? Huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye vijiwe hivyo, na sijasikia mtu akiuliza swali ambalo kwa anayesoma Mtwara lilipaswa kuwa la kwanza: huku kwetu kuna magari gani?

Jibu langu ni hili, na najua kuna watakaocheka. Kama una kati ya milioni mbili na nne, na unapenda gari kweli kweli, si kupenda kuonekana ndani ya gari, usipande basi la Dar. Panda gari la Tandahimba, teremka, uliza wazee. Huko juu kwenye uwanda wa Makonde bado kuna Land Rover, Peugeot na Datsun zilizolala juu ya mawe chini ya mikorosho, nyingine tangu wengi wetu hatujazaliwa. Ulaya magari ya aina hiyo yana vilabu vyake, watu wanayaita klasiki na wanayalipia fedha ndefu. Sisi tunayaita mikweche na tunayauza kwa kilo.

Hapo kwenye kilo ndipo penye ugomvi wangu, nitaparudia. Kwanza niseme naongea na nani. Boom haimnunulii mtu gari. Elfu kumi kwa siku, siku sitini, ni laki sita, na humo humo kuna ubwabwa, bando na fotokopi. Naongea na wale wanaofanya ukarani kwenye maghala msimu wa korosho, wenye bodaboda inayozunguka mjini huku wao wako darasani, walimu waliorudi kujiendeleza, na wale ambao wakichanga watatu wanafika. Wapo wengi kuliko tunavyokiri.

Sasa, kwa nini magari haya yako huku na si kwingine? Kwa sababu kusini ilikuwa mbali. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili hiyo. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, bandari ikabaki, na watu wakabaki na barabara za mchanga na tope. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, kwenda Dar kulikuwa ni kuvuka kwa kivuko, na masika ikikaza mnakwama njiani siku kadhaa. Katika nchi kama hiyo hununui gari kwa sura. Unanunua gari la kupanda Newala na mapipa ya maji nyuma, maana huko juu maji ni shida ya enzi na enzi.

Ndiyo maana waliokuwa na fedha za gari walileta magari magumu: misheni za Ndanda na Masasi, halmashauri, vyama vya ushirika vya korosho, na baadaye miradi ya wafadhili kama RIPS ya Wafini, iliyoanza kazi Mtwara na Lindi mwaka 1988. Gari likichoka linauzwa, ananunua mwalimu mkuu au mfanyabiashara wa korosho, naye analitumia mpaka linagoma. Likigoma haliendi popote. Linapandishwa juu ya mawe, kuku wanataga ndani, maisha yanaendelea.

Kilichobadilika ni lami. Kipande cha Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, kimekwisha. Kile cha Mnivata, Tandahimba, Newala mpaka Masasi, kilomita 160, kilisainiwa mwaka 2023. Lami ni jambo jema, mimi mwenyewe nimetapika vya kutosha kwenye ile vumbi. Lakini lami ikifika, Noah na Hiace zinafika, na Land Rover iliyokuwa inabeba abiria kumi na nne na mbuzi wawili inakosa kazi. Mwenye gari anaona heri liondoke uani. Na anayekuja kwanza kugonga hodi si mimi wala wewe. Ni kijana wa chuma chakavu, na mizani yake.

Watu hawaelewi vizuri jinsi jambo hili linavyokwenda, kwa hiyo nieleze. Land Rover ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, wakatengeneza bodi kwa aluminiamu. Chesisi ni chuma, bodi ni aluminiamu. Aluminiamu ina bei nzuri kuliko chuma, na inayeyuka kirahisi kwenye moto wa mkaa. Mafundi wa sufuria wanaipenda. Kwa hiyo mlango wa Land Rover iliyobeba madaftari ya wapigakura, au mgonjwa wa kwenda Ndanda, leo unapika wali mahali fulani na hakuna anayejua. Sina ugomvi na wapika wali. Nina ugomvi na bei: gari zima lenye injini, giaboksi na difu mbili zinazoweza kufufuka linahesabiwa kama mzigo wa mabati.

Sasa tuje kwenye kununua. Sikubaliani na wanaosema kila gari la zamani ni klasiki. Kuna gari la zamani na kuna gari bovu tu. Kwangu mimi kigezo ni kwamba fundi wa kawaida analijua, spea zinapatikana bila kuagiza Dubai, na lina historia na watu wa hapa. Kwa kigezo hicho Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, inaingia. Peugeot 504 inaingia, hasa pikapu. Datsun 1200 pikapu inaingia, ukiipata. Volkswagen Beetle, ile ya mgongo wa kobe, inaingia kwa shida kwa sababu mafundi wake wanapungua, ingawa haina rejeta ya kuvuja wala maji ya kuchemka, injini inapozwa kwa upepo. Land Cruiser za zamani, zile zenye pua ndefu, sahau. Hizo kampuni za utalii na watu wa Arusha walishaziona mapema. Hata Land Rover zenyewe, tangu lile tamasha lao la Arusha la Oktoba 2024, madalali wameanza kuziangalia kwa jicho lingine. Defender 110 nzima usiiulizie bei kama una mfuko wa mwanafunzi, utaumia roho.

Kama ningelazimishwa kuchagua moja kwa mwenye milioni tatu, ningesema 504, na nasema hivyo huku moyo wangu uko kwenye Land Rover. Peugeot ziliiheshimu ardhi hii: 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978. Kenya waliendelea kuunganisha 504 mpaka miaka ya 2000, wakati Ufaransa kwenyewe walishaisahau. Hilo lina maana moja kwa mnunuzi: spea zilisambaa Afrika Mashariki nzima na bado ziko kwenye mashelfu yenye vumbi. Na kwa anayedharau gari lililotumika, amkumbuke Joginder Singh. Mwaka 1965, yeye na mdogo wake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika kwenye mashindano kabla yao.

Ukishajua unataka gari gani, swali linalofuata ni kubwa kuliko aina ya gari: limelala wapi?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa za watu zinapopotelea. Mtwara mjini, Mikindani, Msimbati, mpaka chini kwenye maingilio ya Ruvuma, hewa ni chumvi. Tuna mashamba ya chumvi ufukweni, unaiona kwa macho. Msimbati ni pazuri, na raha yake kubwa ni kwamba mchanga ni mgumu, gari linatembea ufukweni kabisa. Kila mtu amepiga picha hiyo. Gari linapita, tairi zinarusha maji ya bahari chini, maji yanaingia kwenye chesisi, mchanga unaziba matundu ya kutolea maji, chumvi inabaki humo ndani inakula. Miaka miwili mitatu ya raha hizo, chesisi inakuwa kama biskuti iliyolowa chai. Juu gari linang'aa. Chini hakuna gari.

Newala na Tandahimba ni juu, mbali na bahari. Gari lililolala miaka kumi na tano chini ya mkorosho wa Newala litakuwa limeoza tairi, mipira, nyaya zimeliwa na panya, viti vimekuwa viota. Hivyo vyote vinanunulika. Chesisi haina duka. Ndiyo maana nasema, ukipewa gari mbili, moja ya Msimbati inayowaka na kutembea, moja ya Newala iliyokufa, na bei ni sawa, chukua iliyokufa.

Kukagua kwenyewe hakuhitaji digrii. Kwa gari la bodi ya chuma, kama 504 au Datsun, tafuta sumaku ya spika mbovu, ifunge kitambaa isikwaruze rangi, ipitishe pole pole kwenye milango, chini ya madirisha, kwenye madiro. Isiponasa, hapo chini ya rangi kuna puti, na chini ya puti kuna tundu. Beetle, nyanyua kiti cha nyuma, betri inakaa humo. Tazama sakafu chini ya betri, kwa kawaida ndiyo inayoanza kuoza. Land Rover sumaku haikusaidii kwenye bodi kwa sababu haitanasa hata ikiwa nzima. Lala chini. Chukua nyundo ndogo, gonga chesisi kuanzia mbele mpaka ile boriti ya nyuma kabisa inayofunga pande mbili. Chuma kizima kinalia kama kengele ya shule. Kilichooza kinalia bup, kama unagonga nazi mbovu, na wakati mwingine nyundo inaingia na mwenye gari anaanza kuongea habari za mvua. Kisha tazama ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva, pembe zake za chini. Na pale aluminiamu inapokutana na chuma, ukiona unga mweupe, jua metali hizo mbili zimekuwa zikipigana humo kwa miaka, chumvi ikiwa refa.

Na uangalie viraka. Kiraka si dhambi, gari la miaka arobaini lisilo na kiraka linatia shaka zaidi. Lakini kuna mtu aliyechomelea bati la pipa juu ya kutu na kupaka lami nyeusi juu yake. Lami mpya chini ya gari kuukuu ni kama manukato mengi kwa mtu ambaye hajaoga.

Injini? Watu wanaogopa injini, mimi siiogopi. Injini ya petroli ya Series III ni silinda nne, kabureta moja, unaweza kuifungua na seti moja ya spana. Moshi wa bluu maana yake inakula oili, ringi zimechoka. Maziwa kwenye oili maana yake maji yanaingia, gasketi au kichwa kimepinda. Kama imekaa miaka bila kuwashwa, usimruhusu mwenye gari aiwashe kwa mbwembwe siku ya kukagua. Toa plagi, mimina oili kidogo kwenye silinda, subirini siku moja au mbili, kisha muizungushe kwa mkono taratibu. Ikizunguka, umepata gari. Isipozunguka, umepata sababu ya kushusha bei.

Bei, basi. Nitaje nilizoambiwa mimi kwa mdomo mwaka huu, si takwimu: Land Rover iliyo juu ya mawe, milioni tatu hadi tano kabla ya kubishana, 504 pikapu inayotembea kwa kusukumwa, mbili na nusu, Datsun ambayo ilikuwa na boneti na matumaini tu, milioni moja na laki mbili. Lakini bei hizo zina msimu, na hili dalali wa Dar hatakwambia. Minada ya korosho inaanza Oktoba. Kuanzia Novemba mpaka Januari fedha zinaingia kwenye akaunti za wakulima, watu wanaoa, wanaezeka, na hakuna mwenye haraka ya kuuza kitu. Ukienda kununua gari Desemba unanunua kwa bei ya mtu aliyeshiba. Nenda Machi au Aprili. Korosho zimekwisha, mvua zipo, ada za shule zinadaiwa, dawa ya kupulizia mikorosho inakaribia kuhitajika. Sisemi mnyonye mtu kwenye shida yake. Nasema wakati huo mwenye gari na wewe mnaongea lugha moja, ya watu wanaohesabu.

Kuna wanaoshauri mnada wa serikali, zile STK na DFP zilizopangwa nyuma ya ofisi. Inawezekana. Soma tangazo mpaka mwisho. Gari linauzwa kama lilivyo na mahali lilipo, kwa kawaida unatakiwa kuweka robo ya bei siku hiyo hiyo na kumaliza ndani ya siku chache, na kama liliingia nchini kwa msamaha wa kodi, kodi hiyo inakuhusu wewe. Na wanaoshauri uvuke Kilambo au Daraja la Umoja ukachukue Land Rover ya bei poa Msumbiji, waulize kwanza nyaraka za forodha ziko wapi. Wakikaa kimya, na wewe kaa kwenu. Kuagiza la zamani kutoka nje pia ni hesabu ya wenye nazo, kwa sababu gari dogo lenye zaidi ya miaka kumi linatozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya kodi nyingine zote. Hilo ndilo zuri la mkweche wa Newala, kodi hizo aliyezidaiwa alishazikwa.

Na kuzikwa kwake ndiyo shida ya pili baada ya chumvi.

Februari nilikwenda kijiji kimoja kati ya Tandahimba na Newala kuona Land Rover ndefu, 109, ya rangi iliyokuwa kijani. Mzee alikuwa kwenye mkeka anabangua korosho. Nikamwamkia. "Shikamoo babu." Akaitikia, akanitazama kutoka viatu mpaka kichwani, akauliza: "Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kwa kilo au umekuja kwa gari?"

Wa kilo walishafika mara mbili. Walimpa laki tisa kwa gari zima, wakate wenyewe. Gari lenye tani moja na nusu. Babu alikataa, si kwa sababu ya bei. Alisema gari hilo ndilo lililompeleka mke wake hospitali Ndanda usiku wa mvua, mtoto akazaliwa wakiwa bado wanateremka mlima, "sasa nikate vipande wapi?" Nilizunguka na nyundo yangu. Chesisi ililia kama kengele kila mahali isipokuwa pembe moja ya nyuma. Injini ilizunguka nusu. Nikafurahi mpaka aibu.

Nikauliza kadi. Kadi ipo, kwenye bahasha ya kaki ndani ya sanduku, na jina lililoko si la babu. Ni la kaka yake, aliyefariki. Gari halijawahi kubadilishwa umiliki. Na bado lilikuwa na namba za zamani, zile zinazoanzia na TZ, maana yake lilipanda juu ya mawe kabla ya huu mfumo wa sasa wa T na tarakimu tatu na herufi tatu.

Hapo wengi wanafanya kile ambacho wauzaji wenyewe wanakupendekezea: mnaandikishiana kwa mwenyekiti wa kijiji, unampa pesa, unaondoka na gari la marehemu. Usifanye hivyo, hata kama babu ana sura ya malaika. Mali ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi, na msimamizi anateuliwa na mahakama. Kwa mirathi nyingi za vijijini ni Mahakama ya Mwanzo. Bila barua hiyo TRA hawatahamisha jina. Na huku kwetu kuna jambo la ziada ambalo mtu wa kutoka Moshi au Mwanza hatalijua. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili wanahesabu ukoo upande wa mama. Mjomba na mpwa wana neno. Kwa hiyo gari la marehemu lina watoto wake, lina mjane, na lina watoto wa dada yake walioko Dar wanaoamini kwa dhati kwamba mjomba aliwaachia wao. Ukinunua kwa upande mmoja, siku ukilipaka rangi likang'aa, upande wa pili utasikia.

Nyaraka zikishakaa sawa, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kwenye kadi, kwa macho yako, chesisi ikisuguliwa kwa brashi mpaka tarakimu zionekane. Kama ni gari linalotembea, kagua deni la faini za trafiki; elfu thelathini thelathini zinaongezeka bila kelele. Ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017 ikaingizwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo huna haja ya kuogopa malimbikizo hayo, ingawa bado kuna wauzaji wanaoitumia kama kisingizio cha kuficha kadi.

Kanuni yangu ya mfuko ni ya kikatili kidogo: ukiwa na milioni tatu, nunua gari la milioni moja na nusu. Nusu iliyobaki ni ya gari hilo hilo. Tairi, betri, breki zote, mipira yote, nyaya. Breki kabla ya rangi, tafadhali. Nimeona watu wanapaka rangi gari lisilosimama.

Mafundi wapo, ila wanazeeka. Wale wanaosikia injini kwa sikio, wanaoweka bisibisi kwenye sikio na ncha kwenye blokò, wengi wamepita sitini. VETA Mtwara wana vijana wanaojifunza ufundi wa magari, na sisi tuna serikali ya wanafunzi inayotafuta kila mwaka kitu cha kuandika kwenye ripoti. Pendekezo langu ni dogo: badala ya bonanza la tatu kwa mwaka, tununue Land Rover moja, tuiweke pale VETA, vijana wao wafundishwe na wazee hao, na wetu waandike mwaka wake, barabara zake, waliopanda. Wa historia wapate kazi ya mradi, wa biashara wapate hesabu ya kweli ya gharama. Gari likitembea, libebe wagonjwa wetu usiku badala ya kupigana na bodaboda.

Nimejibiwa tayari na rafiki yangu wa chumba kimoja, mtu wa hesabu. Anasema Series III ya petroli inatembea kilomita sita kwa lita, mafuta ni kama elfu tatu, kwenda Mikindani tu, kilomita kumi na kitu, ni zaidi ya elfu tano, na bajaji ni nafuu. Ni kweli tupu. Anayetaka gari la kwenda darasani kila siku anunue baiskeli. Mimi sisemi Land Rover ni nafuu kuliendesha. Nasema ni nafuu kulipata, nafuu kulijua lote ndani na nje, na halishuki bei ukilala. Vitz ya milioni saba uliyokopea, ukiitumia miaka miwili unaiuza nne, na bado unadaiwa. Land Rover yenye chesisi nzima na kadi safi, miaka miwili baadaye bado ni Land Rover, na zimebaki chache zaidi.

Wa pili amesema wazazi watasema nini, mtoto kasomeshwa karudi na mkweche. Kwa hilo sina jibu. Mama yangu aliposikia aliuliza kama chuo kimefungwa.

Ya babu yamefikia hapa. Familia imekubali kufungua mirathi, na mpwa mmoja kutoka Dar amekubali kuwa msimamizi baada ya simu nyingi ambazo vocha zake nilinunua mimi. Babu anataka milioni tatu na laki mbili. Nina mbili na laki saba, na hapo sijagusa tairi. Wa chuma chakavu wamesema watarudi mwezi wa sita na winchi. Nimepeleka turubai na nimetoa betri iliyooza ili isiendelee kula chuma, na bibi ameomba kuku waachwe mpaka vifaranga vianguliwe. Kama kuna wawili wenye nia na wenye subira, nipo hosteli za nyuma, ulizeni yule wa mikweche. Mje na nguo za kulala chini ya gari.